Ngamia wa Jimbo na Lango la Kilimani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya yetu, Bi. Sumedha Kothari, mwenyekiti wa kijiji, walimu, walinzi wa msitu mliosimama kule kivulini, wazee wetu wenye vilemba vyekundu, akina mama wenzangu, na ninyi watoto mliopanda juu ya tangi la maji, shukeni kwanza ndipo tuanze.

UKARIBISHO

Sisi akina mama wafugaji wa ngamia wa kijiji hiki cha Lunadi, jimbo la Rajasthan, tulio thelathini na mmoja, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Mikono yenyewe ina bangili mpaka mabegani, kwa hiyo tukipiga makofi usishtuke ukisikia mvua ya mawe.

Tumekupa maziwa ya ngamia kwenye kikombe cha jani, na tumekuona ukitafuta mahali pa kukiweka. Hapana mahali, mwanangu. Samahani, Mheshimiwa. Kikombe cha jani hakina kitako. Ukishakipokea unakaa nacho mkononi mpaka ukimalize. Ndivyo wanavyokunywa wachungaji wetu malishoni, wanakunja jani wanakamulia humo humo, na mtu akishakunywa hivyo kwetu hatumwiti mgeni tena. Kwa hiyo kunywa taratibu, sisi tutasoma taratibu.

Mwandishi wa kijiji, Gopal, ndiye aliyetuandikia risala hii safi kwenye karatasi, sisi tukisema. Alitusihi sana. Akaniambia, "Bibi Jhamku, risala ni kitu cha serikali. Tafadhali usitie vitendawili vyako humo."

Nikamwambia, "Gopal, serikali ilimpa ngamia cheo halafu ikamsahau. Hicho nacho si kitendawili?"

Akasema, "Basi kimoja tu, bibi."

Hiki hapa. Kitendawili!

Asanteni kwa kuitikia, hata walinzi wa msitu nimewasikia. Nimemtawaza mfalme, nikamfungia mlango wa nyumba yake. Ni nini hicho? Mheshimiwa, usijibu sasa. Kishike pamoja na hicho kikombe, tutakuuliza mwishoni.

HISTORIA YETU NA NGAMIA

Sisi Waraika, jamii ya wachunga ngamia, hatukumkuta ngamia njiani tukamfuga. Wazee wetu husimulia kwamba Mama Parvati alikuwa amekaa anachezea udongo, akafinyanga mnyama wa ajabu mwenye miguu mitano. Akambembeleza mumewe, mungu wetu Bwana Shiva, amtie pumzi. Shiva akampulizia, mnyama akainuka, akaanguka. Miguu mitano inagongana! Shiva akaushika mguu wa tano akausukuma juu mgongoni, ukawa nundu, ndipo ngamia akatembea. Akatembea kweli kweli, akala maua ya bustani yote, akakanyaga vyungu, akamtemea mate kila aliyemkaribia. Mama Parvati akasema, "Sasa huyu nani atamwangalia?" Shiva akakung'uta vumbi la mkono wake, na hilo vumbi ndilo Mraika wa kwanza.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ofisi yetu ni ya zamani kuliko zote wilayani, na hatujawahi kupewa likizo.

Tuna miiko yetu. Ngamia wetu hatumli. Jike halitoki nje ya jamii yetu, tunapeana sisi kwa sisi binti anapoolewa. Hapa Lunadi nyumba saba bado zina ngamia, na ngamia wote kwa pamoja ni mia moja na kumi na wawili. Mama mkwe wangu alipoolewa hapa, nyumba moja peke yake ilikuwa na hao.

KWA NINI NGAMIA ALICHAGULIWA

Kila jimbo la nchi hii lina mnyama wake. Jirani zetu wa Gujarat wamejichukulia simba. Watu wa Kerala wana tembo. Assam wana kifaru. Sisi huku Rajasthan tulikuwa na swala wetu chinkara, mzuri, mwepesi, hatuna ugomvi naye. Halafu miaka kumi na miwili iliyopita, wakati wa joto kama hivi, redio ikatangaza kwamba ngamia naye amefanywa mnyama wa jimbo, upande wa mifugo.

Walitaja sababu, na sababu zilikuwa nzuri. Walisema amebeba maji na nafaka za watu wa jangwani tangu kale. Walisema askari wa mpakani humpanda, na wageni wa ng'ambo huja kumpiga picha. Walisema anapungua mwaka hadi mwaka na asipolindwa wajukuu watamsoma vitabuni. Yote kweli.

Sisi tunaongeza sababu moja ambayo redio haikuitaja. Simba hana mtu anayeamka naye. Kifaru hakuna mama anayemkamua, na anayetaka kujaribu aage nyumbani kwanza. Wanyama wale ni wa porini, ukitaka kuwalinda unamweka binadamu mbali nao, unazungusha waya, kazi imekwisha. Ngamia si hivyo. Ngamia ana mwenyewe. Ana mtu anayejua mama yake ni nani na bibi yake ni nani, anayemtoa kupe, anayemnyoa manyoya na kumchorea maua ubavuni. Ukimlinda ngamia ukamwacha mchungaji nje ya waya, umelinda nundu, miguu minne umeisahau.

TULIVYOSHANGILIA, NA KOSA LETU

Kosa tulilifanya na hatulifichi.

Kwetu, ndugu akipata cheo kikubwa, ukoo hukusanyika. Anavishwa kilemba kipya, sukari guru inagawiwa nyumba hadi nyumba, na tangu siku hiyo anasalimiwa kwa cheo chake. Basi redio iliposema ngamia amepata cheo, tukafanya tunavyofanya. Shemeji yangu Pemaram, kiongozi wa wachungaji wetu, yule pale mwenye masharubu yanayofika masikioni, alimtoa Rupali, jike letu kubwa kuliko wote, bibi wa nusu ya kundi. Tukamfunga kilemba chekundu chenye urefu wa kutoka hapa mpaka kwenye lile tangi. Tukamlisha sukari guru. Alikula sukari, akajaribu kula na kilemba.

Mvua zilipokaribia, Pemaram akalipeleka kundi zima kilimani kama baba zake walivyofanya, Rupali mbele na kilemba chake. Mheshimiwa, wewe umesoma mambo ya mashamba, unajua: miezi minne ya mvua kila shamba huku bondeni limepandwa uwele na ufuta, hapana pa kukanyaga. Miezi hiyo ngamia hula kilimani, msituni. Lakini mwaka uleule msitu ulikuwa umefungwa kwa waya na lango limewekwa.

Mlinzi langoni alikuwa Kishor, kijana wa kijiji cha pili. Haya ndiyo mazungumzo yao, na Pemaram yupo hapa, nikikosea anisahihishe.

Kishor akasema, "Simama, mzee. Kibali kiko wapi?"

Pemaram akasema, "Kibali cha nini? Huyu ni mwenzako."

"Mwenzangu nani?"

"Huyu. Mtumishi wa serikali. Redio imetangaza. Wewe una kofia, yeye ana kilemba. Na kwa cheo amekuzidi, kwa hiyo mpigie saluti ufungue."

"Mzee, usinitanie. Nitafukuzwa kazi."

"Sikutanii, kijana. Nani aliyewahi kuona mfanyakazi anazuiwa kuingia ofisini kwake?"

Kishor alicheka mpaka akashika nguzo, lakini hakufungua. Wakuu wake wakaja na gari. Ngamia wakazuiwa uani mwa ofisi ya msitu siku mbili, na Pemaram akaweka dole gumba kwenye karatasi kwamba hatarudia kumdhihaki mlinzi. Alirudi nyumbani anauliza, "Shemeji, nimemdhihaki nani mimi?" Sote tulikuwa tumeamini. Tulidhani mtu akipewa cheo, njia yake inafunguliwa. Hilo ndilo kosa letu.

MAFANIKIO

Hatukukaa kulia. Mwanamke wa Kiraika hana pa kuweka machozi, mikono imejaa bangili.

Miaka sita iliyopita tuliunda kikundi hiki. Wazee walikuwa wakisema kuuza maziwa ya ngamia ni sawa na kumuuza mtoto. Maziwa yalikuwa ya kumpa mgeni, mgonjwa na msafiri. Tulibishana majira mazima ya baridi. Mama mmoja, marehemu sasa, ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Mtoto akiomba kwenda shule unamwachilia aende, arudi na kitu. Na maziwa yaende, yarudi na kitu." Tangu siku hiyo maziwa yetu yanaondoka kila asubuhi na basi la saa kumi na mbili, kwenye madebe yenye kitambaa chekundu, na mjini wanayagombea.

Tunatengeneza sabuni ya maziwa. Tunasokota manyoya na kufuma mazulia. Mavi ya ngamia tunayaosha, tunayachemsha, tunayafanya karatasi. Karatasi hii ninayoisoma, Mheshimiwa, imetoka huko. Gopal alipoambiwa aliinusa mara mbili kabla ya kuandika. Hainuki. Na nakala yako imo kwenye mkoba tuliokupa, unaweza kunusa mwenyewe.

Mabinti wanane wa kikundi wanasoma sekondari. Mmoja anasomea udaktari wa mifugo, na akija likizo anatufundisha sisi, nasi tunamfundisha yeye, na bado hatujajua nani anajua zaidi.

SANAMU

Tunaishukuru serikali kwa sanamu ya ngamia iliyopo kituo cha basi, ambayo umekuja kuifunua leo. Ni kubwa, ni imara, na kivuli chake kinawatosha wauza chai wawili.

Ila tuseme mapema, kabla ya shuka kuondolewa, usije ukasikia kicheko ukadhani unachekwa wewe. Juzi tulikwenda kuichungulia. Tulchi, mtunza stoo wetu, akazunguka mbele, akazunguka nyuma, akamuuliza fundi, "Kaka, huyu dume au jike?"

Fundi akasema, "Ni ngamia wa jimbo, mama."

"Sawa, ila huku nyuma ana kiwele."

"Ndiyo, ni jike."

"Na puani umemtia kijiti."

"Ngamia wote wana kijiti, mama. Nimeona pichani."

Tulchi akamwambia, "Umeona dume la kupandwa, kaka. Jike la kundi halitobolewi pua. Hafungwi kamba, anaongozwa kwa kuitwa jina. Huyu wako ukimwita atakujibu nani?"

Fundi hana kosa. Aliipata picha, hakumpata mchungaji wa kumuuliza, naye mchungaji alikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale.

CHANGAMOTO

Changamoto zipo nyingi, na Gopal ameziandika saba kwenye kiambatanisho, pamoja na ile ya madume machanga ambayo hayana tena wanunuzi tangu njia ya kuyapeleka majimbo mengine ilipowekewa masharti. Utaisoma ukipata nafasi. Hapa tutasema moja, kwa sababu zile sita tunaweza kuzibeba wenyewe kwa muda. Hii hatuwezi.

Lango la kilimani halijafunguliwa kwa ngamia tangu siku ile ya kilemba. Miaka mitatu iliyopita walipachika kibao kikubwa juu yake. Kimechorwa ngamia mzuri, ana shanga shingoni, na chini yake pameandikwa kwamba yeye ni fahari ya jimbo letu. Chini ya fahari kuna mnyororo, na kwenye mnyororo kuna kufuli. Ngamia wa rangi anakaa langoni mwaka mzima. Ngamia wa damu na nyama wanapita nje.

Wanapita wapi? Barabarani. Miezi minne ya mvua, mashamba kushoto, mashamba kulia, wao wanakula vichaka vya kando ya lami, na wachungaji wanatembea nao wakiwa na tochi na vitambaa vyekundu.

Mwaka jana, wiki ya pili ya mvua, asubuhi, lori lilimgonga Rupali. Alikuwa mzee, hasikii vizuri, na alikuwa na mimba. Lori halikusimama. Pemaram alikaa naye kwenye matope mpaka alipokata roho, na pale alipokaa, akiinua macho, alikuwa anakiona kibao. Kishor alishuka langoni akaja kumsaidia kuzuia magari. Kishor alivua kofia yake.

Tunalisema hili bila kumlaumu mtu aliyeko hapa. Aliyeweka kufuli alitaka msitu upone, nasi tunataka msitu upone. Lakini tuulizane. Zamani moto ukianza kilimani, aliyeuona kwanza alikuwa mchungaji, aliyekata matawi mabichi na kuupiga alikuwa mchungaji, na taarifa ilifika bondeni kabla ya moshi. Mwaka juzi moto ulianza ng'ambo ya lango, ukala siku tatu. Tuliuona tukiwa huku nje ya waya, tukapiga kelele, tukapiga masufuria. Nani angetusikia? Na ngamia si mbuzi. Hang'oi mzizi. Anachuma juu, hapa jani moja, pale mawili, huku anatembea, kama bibi harusi anayeona aibu kula mbele ya wakwe.

Sasa lililo mbele yetu. Mawingu yameshaonekana upande wa Gujarat. Wanaojua wanasema siku nane au tisa. Wiki iliyopita Pemaram aliwaita wakuu wa nyumba saba, akavua kilemba chake akakiweka chini. Kwetu mwanamume haweki kilemba chini kwa mzaha. Akasema, "Sitamzika mwingine barabarani. Mvua ya kwanza ikinikuta nje ya lango, nitawaacha ngamia, na wanangu waende mjini Surat wakauze kwenye maduka ya watu." Wakuu wa nyumba nyingine sita nao wakaanza kuvishika vilemba vyao, na sisi wanawake tunajua maana yake. Wakiondoka hao, hakuna atakayewaita ngamia kwa majina. Kitabaki kibao, na ile sanamu yenye kijiti puani.

Akina mama tulikiokota kilemba tukakitunza. Tukamwambia, "Shemeji, tupe mpaka siku ya mgeni rasmi." Ndiyo leo. Kilemba kiko hapa mapajani mwa Tulchi, na Pemaram, kama unavyoona, amevaa cha mwanawe.

MAOMBI

Ombi letu ni moja.

Tunaomba lango la kilimani lifunguliwe kwa ngamia wa Lunadi miezi minne ya mvua, kuanzia mwaka huu. Waingie kwa kuhesabiwa, watoke kwa kuhesabiwa. Mbuzi na kondoo hatutawaingiza, na atakayemwingiza hata mmoja tutamshughulikia sisi wenyewe kabla ya Kishor hajavaa viatu. Wachungaji wetu watafyeka njia za kuzuia moto, watalala huko, na atakayeingia na shoka au mtego watamleta kwako akitembea kwa miguu yake. Walinzi wa msitu tumeshazungumza nao. Mkuu wao alituambia kwa adabu, "Akina mama, mimi sina neno. Kibali kikiwa na sahihi ya Mkuu wa Wilaya, nafungua saa hiyohiyo." Kibali kimeandikwa, kimo kwenye mkoba wako, chini ya sabuni. Sheria inayokuruhusu Gopal ameinukuu, kwa sababu yeye ndiye msomi, mimi niliishia darasa la tano.

Hatuombi ngamia aongezewe cheo. Cheo alichonacho kinatosha. Tunaomba kimfae.

HITIMISHO

Mheshimiwa, tulikuachia kitendawili. Nimemtawaza mfalme, nikamfungia mlango wa nyumba yake.

Tunaona unatabasamu, jibu unalo. Lakini usilitaje. Unajua desturi ya vitendawili: anayeshindwa kutegua hutoa mji, na aliyetega huupokea akajisifu humo. Basi tunakusihi, tufanyie hisani, jifanye umeshindwa. Mji hatuutaki. Tupe lango.

Ratiba inasema kutoka hapa tunakwenda kituo cha basi ukakate utepe wa sanamu. Twende, tutapiga vigelegele, tumeahidi kutocheka. Ila mkasi ukimaliza kazi pale, usiurudishe mfukoni. Kutoka kwenye sanamu mpaka langoni ni mwendo wa kumaliza hadithi moja fupi, na wakati huu tunaposoma, ngamia mia moja na kumi na wawili wamesimama mbele ya lile lango pamoja na vijana wetu. Kishor yupo nao, na ufunguo anao. Hapana utepe pale, kuna mnyororo, lakini tumeufunga kitambaa chekundu ili upendeze. Shemeji Pemaram atatembea pembeni yako, na kilemba chake tutakibeba sisi njiani. Atakivaa, au atakikunja, akishaona mkono wako umefanya nini.

Na kikombe chako tunaona kimekwisha. Ahsante, umekunywa vizuri. Sasa tunakukabidhi kingine, ombi letu. Nalo tumelikunja kwenye jani, halina kitako.

Mungu akupe miguu ya ngamia isiyochoka na shingo ya ngamia inayoona mbali. Akupe wajukuu wa kukutegea vitendawili, na kila mlango utakaoufungua kwa ajili ya mwingine, akufungulie wewe miwili. Mvua inyeshe kwa wakati wake, na itukute sote mahali petu.

Ni sisi wako, tuliokunywa nawe kikombe kimoja,
Akina Mama Wafugaji wa Ngamia, Lunadi.